Tairi si Tairi Tu

Ingia leo katika duka la vipuri, uliza tairi ya mbele ya pikipiki ya zamani, na muuzaji atakuletea ile aliyo nayo. Ukimwambia saizi siyo yenyewe, atacheka na kukujibu, "Mzee, tairi ni tairi tu, ilmradi inazunguka." Mafundi wengi nao husema hivyo hivyo. Usemi huo naupinga kwa nguvu zote zilizonibakia, wala siupingi kwa ubishi wa kizee. Niliwahi kuukubali bila kufikiri, na kwa ajili yake nikamdhulumu mtu.

Kwanza tuelewane juu ya chombo chenyewe. Katika pikipiki nyingi za zamani spidomita haipati habari zake kutoka kwenye injini, bali kutoka gurudumu la mbele. Penye habu ya gurudumu hilo pana giya ndogo. Gurudumu likizunguka, giya huzungusha waya ulio ndani ya kebo, na waya hupanda hadi kwenye saa iliyo mbele ya macho ya dereva. Humo ndani sumaku huzunguka na kukivuta kikombe chepesi cha alumini, na mshale ukapanda. Tarakimu za kilomita nazo husogezwa na waya huo huo. Saa hiyo haiijui barabara. Inajua jambo moja tu: gurudumu limezunguka mara ngapi. Aliyeiunda alikwisha kuamua kwamba kila mzunguko ni urefu fulani. Ukibadili ukubwa wa gurudumu umebadili urefu huo, na saa haina habari.

Chukua Honda XL 125S, pikipiki niliyo nayo hapa Nambis. Tairi yake ya mbele kwa asili ni 2.75-21. Namba ya kwanza ni unene wa tairi kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha rimu. Jumlisha rimu na unene wa tairi juu na chini, utapata kipenyo cha inchi 26.5, na gurudumu hilo huzunguka mara 473 katika kilomita moja. Sasa weka rimu ya 18 yenye tairi ya 2.75, saizi iliyo kwenye bodaboda nyingi. Kipenyo kinashuka hadi inchi 23.5, na mizunguko inapanda hadi 533. Hesabu hii ni ya karatasi. Upepo wa tairi na uzito wa dereva huigeuza kidogo, lakini uwiano unabaki. Mizunguko 60 ya ziada saa huihesabu kuwa ni barabara. Ukienda kilomita 100, itakuandikia 113.

Mwaka 1997 nilikuwa mkuu wa shule. Pikipiki hii ilikuwa mali ya shule, na tarishi ndiye aliyeiendesha kupeleka barua wilayani. Tairi za 21 zilipoadimika, fundi aliondoa rimu, akasuka nyingine ya 18 kwenye habu ile ile, akatuambia kuwa tairi ni tairi tu. Nikaidhinisha malipo bila swali.

Safari ya kwenda na kurudi ilikuwa kilomita 62, na kitabu cha safari kilionyesha hivyo miaka yote. Wiki iliyofuata kikaandikwa 70. Safari ya pili, 70. Ya tatu, 70. Nikamwita tarishi ofisini, nikamuuliza hizo kilomita nane anapitia kwa nani.

"Mkuu, sipitii popote. Naandika inavyosoma."

Nikamwambia njia ya mwongo ni fupi.

"Sasa mbona yangu imerefuka?" akauliza.

Nikaliona jibu hilo kuwa ni ujeuri. Nikampa barua ya onyo kwa matumizi mabaya ya mali ya shule, nikamnyang'anya ufunguo, na gharama ya petroli ikakatwa kwenye mshahara wake. Sikujiuliza jambo lililo wazi kabisa: mwizi angeandika 62. Huyu alihukumiwa kwa sababu aliandika kweli.

Na mimi, ndugu msomaji, nilikuwa mwalimu wa hisabati. Chuo cha ualimu kilinifundisha kufundisha mzingo wa duara kwa kopo na uzi, nami nimewafundisha watoto wengi kwa kopo na uzi. Gurudumu lilikuwa limeegemezwa ukutani nje ya dirisha la ofisi yangu.

Shule ilipouza vifaa chakavu mnadani mwaka 2011, nilikuwa nimestaafu, nikainunua. Siku moja nilishuka nayo Hanang, katika barabara kuu ya kutoka Babati kwenda Singida, nikawa nahesabu nguzo za kilomita, mchezo wa mzee aliye peke yake. Nguzo ziliposema 20, saa ilisema 22 na nusu. Nikasimama kando ya barabara kabla ya Katesh, nikatoa kalamu: 62 mara 533, gawanya kwa 473. Jibu ni 70 kasoro kidogo. Sikuhitaji kurudia.

Nilimwendea nyumbani kwake. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniandalia chai, kisha akasema, "Mwalimu, lile onyo uliliandika. Na hili liandike." Nikaliandika pale pale, nikatia sahihi, nikamrudishia fedha aliyokatwa. Heshima aliyoikosa mbele ya wenzake sikuwa na namna ya kuirudisha.

Najua nitakavyojibiwa. Mtu atasema, kuna hasara gani saa ikizidisha? Dereva si ataenda taratibu? Ni kweli kwamba Kanuni Namba 39 ya Umoja wa Mataifa inaruhusu spidomita izidishe kwa kiasi, na inakataza kabisa isipunguze. Lakini anayesema tairi ni tairi tu hachagui upande wa kukosea. Kijana akiweka gurudumu la 21 kwenye habu iliyoundiwa 18 ili pikipiki yake ionekane ndefu, mshale utasema 50, mwendo halali wa kwenye makazi, naye yuko 56. Ashuke hivyo mteremko wa Magara akiamini anachokiona!

Mwingine atasema 2.75-21 hazipatikani. Basi atafute 3.00-21. Inakaa kwenye rimu ile ile na tofauti yake haifiki asilimia 2. Aangalie tu kwamba haigusi madigadi wala shokapu. Hata tairi iliyolika milimita 5 hupotosha saa kwa asilimia 1 na nusu, na hakuna anayeshtuka. Kinachokatazwa ni kuruka inchi tatu za rimu kisha kujifanya hakuna kilichobadilika.

Na ikiwa hapana budi kubadili rimu, ibadilishe kwa uwazi. Tia alama ya chaki kwenye tairi na chini, panda juu ya pikipiki, sukuma mpaka alama irudi chini, pima kwa futikamba. Linganisha na mzingo wa tairi ya asili. Andika uwiano huo kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu cha safari. Wenye simu za kisasa watasema simu huonyesha mwendo, na ni vema waitumie kuikagua saa. Lakini simu ya dereva haimsaidii mbele ya bosi anayeamini tarakimu za kitabu kuliko mtu aliyesimama mbele yake.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Fundi alikosea kwa kutojua. Mimi niliyejua hesabu nilikosea kwa kuwa ilikuwa rahisi kumshuku tarishi kuliko kuinama chini. Wewe mwenye dhamana ya watu, kitabu kikikuonyesha kilomita usizozielewa, usiite mtu kwanza. Toka nje ukalipime gurudumu. Kazi hiyo haifiki dakika tano. Mimi ilinichukua miaka kumi na minne.