Namuunga Mkono Obama, Lakini Si kwa Sababu ya Kogelo

Tangu Obama ashinde Iowa tarehe 3 Januari, hapa kafeteria hakuna anayeniuliza namuunga mkono nani. Mimi Mkenya, basi jibu wanalo: "Si ndugu yako yule!"

Jamani, ngojeni kwanza. Kwetu nyumba zinachomwa tangu matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 yatangazwe, na mtu barabarani anaulizwa jina la baba yake kabla ya kuachwa apite. Nikimchagua mgombea wa Marekani kwa sababu baba yake alikuwa mtu wa Nyanza, nitapata wapi mdomo wa kuwasema wenye mapanga?

Kwa hiyo nimewapima kama vile sina undugu na yeyote. Kwenye afya, Clinton kashinda. Anataka kila Mmarekani awe na bima. Obama analazimisha watoto tu. (Wale wa bwenini kwetu wanaosema "mwanamke hawezi", hata siwajibu.) Lakini Oktoba 2002, Seneti ilipompa Bush ruhusa ya kuingia vitani Iraq, Clinton alipiga kura ya ndiyo. Siku chache kabla, Obama, seneta wa jimbo la Illinois tu wakati huo, alisimama Chicago akaipinga vita hiyo hadharani.

Bima ni yao. Vita vyao vinatufikia hata sisi tusio na kura: Agosti 1998 mabomu ya Nairobi na Dar yalilenga balozi zao, tukafa sisi.

Tarehe 5 Februari majimbo zaidi ya 20 yanapiga kura, na mimi niko upande wa Obama. Ila atakayeniita shemeji wa rais, chai ajinunulie.