Shokapu Si za Kubahatisha

Katika karne ya 19, mizigo ya misafara iliyopita Tabora ilibebwa mabegani na wapagazi. Leo mzigo hubebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kutuliza mrusho ili tairi lisiachane na barabara. Kwa hiyo gari lenye malazi, au la zahanati, liendalo Itetemia lisifungwe shokapu kwa kutazama bei tu. Zichaguliwe kulingana na uzito wa gari lililosheheni, na zibadilishwe mbili mbili katika kila ekseli. Zilizo ngumu kupita kiasi humtesa mgonjwa aliyemo ndani. Tunawasihi wakuu wa karakana za serikali, pamoja na ndugu zetu wa visiwani wanaovuka kuja bara, wazingatie: rahisi ni ghali.