Simu Mkononi Si Kazi Mkononi

Wanaosema watafuta kazi wa Erdington, huku Birmingham, hawahitaji mtu wa kuwasaidia mtandaoni huanza na simu: kila mtu anayo. Ni kweli anayo. Lakini jaribu kuandika CV ya kurasa mbili kwenye kioo kilichopasuka, bando linakaribia kwisha, na fomu inajifunga ukichelewa kidogo. Kumtumia shangazi ujumbe Bukavu hakufanani na kuomba kazi ya ghalani. Wala kutumia mtandao si jambo la hiari. Universal Credit, posho iliyoanza 2013, huombwa mtandaoni. Anayeipokea anaweza kutakiwa kutafuta kazi hadi saa 35 kwa wiki na kuonyesha ushahidi kwenye akaunti yake. Akishindwa bila sababu ya msingi, posho hukatwa. Kutojua kompyuta kunaweza kumkosesha mtu chakula.

Wengine husema ni uvivu. Hili linanikera. Mama aliyeendesha duka Kigoma, akilipia mizigo kwa simu, si mvivu wala si mjinga. Hajaambiwa tu kwamba CV ya hapa haiwekwi picha, umri wala dini, na kwamba vyeti vya nyumbani hulinganishwa na vya Uingereza kupitia huduma iitwayo UK ENIC.

"Basi mjazieni fomu, yaishe." Hapana. Unayemjazia leo atarudi wiki ijayo hajui hata nywila yake. Kaa pembeni yake, yeye ashike kipanya, hata ikichukua saa nzima. Nywila ibaki yake.

Wengine huogopa matapeli wa mtandaoni. Kweli, wapo. Lakini dawa si kuukimbia mtandao. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 inamkataza wakala kumtoza mtu ada ya kumtafutia kazi, isipokuwa katika fani chache kama uigizaji na uanamitindo. Anayekuomba pesa ili akupe kazi ya usafi, mwache. Anzia Find a Job, tovuti ya serikali iliyopo tangu 2018, ambayo ni ya bure.

Mwisho huja hoja ya maktaba: ile ya Erdington, barabara ya Orphanage Road, ina kompyuta. Sawa, lakini kompyuta haimwelezi mgeni maana ya neno gumu kwenye fomu. Mtu ndiye humweleza. Wewe unayesoma haya na unakijua Kiingereza na Kiswahili, nenda pale ukawaulize wahudumu kama watakupokea ujitolee kwa saa mbili kila wiki.