Dira ya 2050: Nafasi ya Jukwaa Katika Kuijenga Kesho ya Taifa

Julai 17, 2025 jijini Dodoma, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mhe. Dkt. Samia Suluhu Hassan, alizindua Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, inayolenga kuifikisha nchi kwenye uchumi wa Dola za Marekani trilioni moja. Utekelezaji wake umepangwa kuanza Julai 2026. Mtoto atakayeanza darasa la kwanza mwaka huo akiwa na umri wa miaka sita atakuwa na miaka 30 Dira itakapofikia ukomo. Takwimu zinaeleza ukubwa wa uchumi unaokusudiwa, lakini peke yake haziwezi kumwonesha mtoto huyo ataishi vipi, wala nini kinaweza kumkwamisha njiani. Kazi hiyo imekuwa ikifanywa na hadithi na jukwaa tangu enzi.

Katika utambaji wa ngano, fanani haanzi mpaka hadhira iitikie. Anapotamka "Paukwa!" hungoja "Pakawa!", na asipoitikiwa hana hadithi. Utaratibu huo unabeba funzo kwa kila mwenye ujumbe wa kuufikisha kwa umma: msikilizaji ni mshirika.

Tanzania ina uzoefu wa njia mbili katika jambo hili. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera, utanzu uliokuzwa na Mathias Mnyampala, zilitumika kueneza siasa ya Ujamaa na Kujitegemea shuleni na katika hadhara. Zilifundisha, zilihamasisha na ziliunganisha watu. Hata hivyo, jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa kabla ya mwananchi kuuliza swali lake.

Njia ya pili ilionekana katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983. Wataalamu wa sanaa za maonesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Mlama, hawakwenda na mchezo uliokwisha kutungwa. Walianza kwa kuzungumza na wanakijiji kuhusu matatizo yao, na suala la mimba kwa wasichana likajitokeza. Vijana wa hapo wakalitungia maonesho kwa kutumia sanaa zao wenyewe, kisha kijiji kikajadili kilichoonekana.

Uzoefu wa aina hiyo uliendelezwa mwaka 1996 kupitia mradi wa Tuseme, ulioasisiwa na Mlama pamoja na Amandina Lihamba kwa ajili ya wasichana wa shule za sekondari. Wanafunzi huyataja matatizo yanayowakwamisha, huchambua chanzo chake, huyaigiza mbele ya wenzao na walimu, kisha hukubaliana hatua za kuchukua. Baadaye Jukwaa la Wanawake Waelimishaji wa Afrika (FAWE) liliupeleka mpango huo katika nchi nyingine barani. Suala walilolitaja vijana wa Malya halikuisha kwa siku moja. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kuwa wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurejea katika mfumo rasmi wa elimu.

Matumaini ya jukwaani hayana budi kuwa ya kweli. Katika tamthiliya ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, imani ya maji inawaunganisha watu dhidi ya utawala wa Wajerumani. Lakini Kinjeketile mwenyewe anaingiwa na shaka anapoona watu wakiitegemea imani hiyo kuliko maandalizi. Tumaini lililowaunganisha likawaponza pale lilipoacha kuhojiwa. Kwa sababu hiyo, mchezo unaoonesha mafanikio matupu ya mwaka 2050 hautamsaidia mwananchi kama ule unaoonesha pia ukame, ukosefu wa ajira na namna watu wanavyoweza kuvikabili.

Nyenzo za kazi hiyo zipo. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa) mwaka 2007, kinaandaa wasanii wa jukwaani. Halmashauri zina maafisa utamaduni, na shule zina vikundi vya sanaa. Kinachohitajika zaidi ni utaratibu: kikundi kianze kwa kuwasikiliza wakazi, mchezo ufuatwe na mjadala, na yaliyojadiliwa yawafikie viongozi wa kijiji au mtaa wakati mipango inapoandaliwa.

Zaidi ya wananchi milioni moja walitoa maoni wakati Dira hii ikiandaliwa. Jukwaa linaweza kuyaendeleza mazungumzo hayo katika miaka ya utekelezaji, ili mtoto wa darasa la kwanza asikue akisubiri kuelezwa kesho yake, bali awe miongoni mwa wanaoisimulia na kuijenga.