Namba ya tarakimu milioni 41: sisi wa mine inatuhusu nini?

Tarehe 21 Oktoba 2024, kikundi cha GIMPS, chenye watu wa kujitolea wanaotafuta kwa ordinatere zao, kilitangaza namba tasa kubwa kuliko zote zenye kujulikana. Iko na tarakimu 41 024 320. Aliyeipata ni Luke Durant, Mmarekani aliyetumika zamani kwa Nvidia. Ile ya mbele yake, ya Desemba 2018, ilikuwa na tarakimu 24 862 048.

Namba tasa njo nini? Ni ile watoto wetu wanaita ku masomo nombre premier. Tuchukue mifuko 12 ya mawe. Watu 2, 3, 4 ao 6 wanaweza kuigawanya sawasawa. Lakini mifuko 13 inakatala: ao mtu mmoja anabeba yote, ao watu 13 kila mtu na wake.

Kuipata namba ya Durant, andika 2 mara 136 279 841, zizidishe zote pamoja, kisha utoe 1. Mtu akisoma tarakimu moja kila segonde, usiku na muchana bila kulala, atamaliza kisha siku 474 na zaidi.

Inaleta faida gani? Tuseme kweli: ile namba yenyewe haina kazi leo. Zenye kufanya kazi ni namba tasa ndogo, za tarakimu mamia tu. Kuzidisha mbili za namna ile ni kazi nyepesi kwa mashini. Kuchukua jibu na kutafuta zile mbili zilitoka wapi, njo shida. Juu ya ile shida, siri nyingi za banki na za intaneti zinafungwa. Na mashini zote hizi zinakula umeme, na umeme unapita mu shaba.

Lakini sisi tunaona somo lingine. Tarehe 11 Oktoba, mashini moja kule Dublin, Ireland, ilionyesha kwamba namba inaweza kuwa tasa. Hawakutangaza. Kesho yake mashini ingine, ya San Antonio, Marekani, ikathibitisha kwa hesabu ya namna ingine. Kisha wakapima tena kwa programu na mashini za mbalimbali. Siku kumi zikapita mbele ya kusema: "Iko tasa."

Zawadi ya GIMPS ni dola 3 000 tu, lakini hawakuamini mashini moja. Kwetu mchimbaji anashuka mu shimo, anapandisha mufuko, anaufikisha ku depo. Kilo zinapimwa na balansi ya mununuzi. Teneri inapimwa na mashini ya mununuzi, mara moja. Anayelipa njo anapima, na bei ya chakula cha jamaa inatoka pale.

Hatusemi kila mununuzi ni mwizi. Tunasema kipimo cha upande mmoja hakitoshi. Kooperative ziwe na balansi yao, na jiwe lile lile lipimwe mara ya pili na mtu asiyenunua. Majibu mawili yakiachana, wapime tena mbele ya kulipa.

Na mtoto akirudi ku masomo na hesabu za kugawanya, tusimwambie ni mambo ya wazungu. Kesho njo yeye atasoma ile balansi.