Safari za Kusini: Mgeni Aonyeshwa Twiga, Mwenye Nchi Afichwa

Iko biashara moja kubwa Kusini mwa Afrika ambayo watu wengi huitazama kama jambo la starehe tupu, lisilohusiana na siasa wala historia. Malori yaliyofungwa viti na madirisha mapana huanzia Cape Town, huvuka Mto Orange na kuingia Namibia, huzunguka jangwa la Namib na mbuga ya Etosha, hukata kuingia Botswana kwenye delta ya Okavango na kingo za Mto Chobe, na baada ya wiki tatu hivi huwashusha abiria wake kwenye maporomoko makubwa ya Mto Zambezi. Yako mengine yaendeleayo hadi Afrika Mashariki. Abiria hao, ambao wengi hutoka Ulaya, Marekani na Australia, hulala katika mahema, hupika pamoja, hupiga picha nyingi, na hurudi makwao wakisema kwamba wameiona Afrika.

Swali letu ni hili: wameiona Afrika ipi?

Yafaa tueleweke tangu mwanzo. Hatuna ugomvi na mgeni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi hatuna sababu ya kuyakana maneno yao. Ugomvi wetu ni na biashara inayouza nchi bila watu wake, na serikali zetu zinazokubali nchi iuzwe hivyo. Katika vitabu vya matangazo ya safari hizi ardhi ya Kusini huonekana tupu: mchanga, anga, tembo na machweo. Mwafrika akitokea, hutokea amebeba sinia, anaendesha gari, au anacheza ngoma jioni kando ya moto. Picha hiyo si ya bahati mbaya. Ni picha ile ile aliyoichora mkoloni alipotaka kuamini kwamba alikuta nchi isiyo na mwenyewe.

Tuanze na Namibia. Tarehe 2 Oktoba 1904 Jenerali Lothar von Trotha, mkuu wa majeshi ya Kijerumani, alitoa amri kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka ya koloni, awe na bunduki au asiwe nayo, apigwe risasi. Waherero walisukumwa jangwani wafe kwa kiu, na baadaye Wanama nao wakaingizwa katika mateso hayo hayo. Inakadiriwa kwamba hadi mwaka 1908 Waherero wapatao 65,000 na Wanama wapatao 10,000 walikuwa wamekufa. Sisi wa Tanzania hatuhitaji kuelezwa sana. Dola hiyo hiyo, katika miaka hiyo hiyo, ilikuwa ikichoma maghala na mashamba ya babu zetu katika vita vya Maji Maji.

Sasa mtazame mgeni wa leo anaonyeshwa nini. Huko Lüderitz, Shark Island ilikuwa kambi ya mateso ambamo zaidi ya watu elfu moja walikufa kwa njaa, baridi na kazi ya shuruti. Kwa miaka mingi mahali hapo hapo pamekuwa uwanja wa watalii kupiga mahema. Huko Swakopmund, mji unaosifiwa kwa majumba yake ya Kijerumani na keki zake, yako makaburi yasiyo na majina pembezoni mwa mji, karibu na matuta ya mchanga ambako wageni hukodi pikipiki za magurudumu manne kwa mchezo. Je, yuko mtu angethubutu kupiga hema la starehe katika kambi za mauaji za Ulaya? Hayuko, na ni haki asiwepo. Mbona basi mifupa ya Mwafrika haihesabiwi kuwa mifupa?

Na Etosha, ambayo kila lori lazima lipite? Eneo hilo lilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1907, mauaji yakiwa bado yanaendelea. Mkono uliotia saini ya kumlinda swala ulikuwa wa serikali ile ile iliyokuwa ikimwangamiza mtu. Wasan wa kabila la Hai||om, walioishi kando ya visima vya Etosha kwa vizazi vingi, walifukuzwa mwaka 1954 na utawala wa makaburu. Waliobakizwa walibakizwa kama vibarua. Mgeni anayekaa usiku akimtazama faru akinywa maji huambiwa uzito wa faru huyo na urefu wa pembe yake. Haambiwi nani alikuwa akiteka maji pale.

Tuvuke mpaka tuingie Botswana. Nchi hii inastahili heshima kubwa. Ilipopata uhuru mwaka 1966 ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani, imezungukwa na maadui, na bado ilisimama. Lakini rafiki wa kweli husema kweli. Hifadhi ya Kalahari ya Kati ilianzishwa mwaka 1961, na mojawapo ya shabaha zake ilikuwa kuwapa Wasan mahali pa kuishi kwa desturi zao. Mwaka 1997, na tena mwaka 2002, Wasan hao hao waliondolewa humo na kupelekwa katika makazi mapya nje ya hifadhi. Walikwenda mahakamani, na tarehe 13 Desemba 2006 Mahakama Kuu iliamua kwamba waliondolewa kinyume cha sheria. Hata hivyo waliorudi walizuiwa kutumia kisima chao cha bomba. Mwaka 2009, wakati watu hao wakihangaika kutafuta maji jangwani, ilifunguliwa ndani ya hifadhi hiyo hiyo hoteli ya kitalii yenye bwawa la kuogelea. Ilibidi Mahakama ya Rufani, mwezi Januari 2011, ndiyo itamke kwamba wana haki ya kuchimba visima. Ndugu msomaji, tafakari jambo hilo. Mgeni alipewa maji ya kuogelea kabla mwenyeji hajapewa maji ya kunywa.

Tufike sasa Zambezi. Maporomoko yale wenyeji waliyaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Mwaka 1855 David Livingstone aliletwa pale kwa mtumbwi na watu walioyajua tangu utoto wao, akayapa jina la malkia wake, na tangu hapo dunia inafundishwa kwamba "aliyagundua". Zaidi ya karne moja na nusu baadaye jina la malkia ndilo lililoandikwa kwenye tiketi.

Mbele kidogo, ukifuata mto, liko Bwawa la Kariba, lililojengwa kati ya 1955 na 1959. Mabango ya utalii hupenda kusimulia jinsi wanyama zaidi ya 6,000 walivyookolewa kwa mashua maji yalipopanda, kazi iliyopewa jina la safina ya Nuhu. Ni kazi njema. Lakini bwawa hilo hilo liliwahamisha Watonga wapatao 57,000 kutoka kingo zote mbili za mto, wakaacha mashamba yenye rutuba na makaburi ya wazee wao, wakapelekwa nyanda kame. Mwezi Septemba 1958, katika kijiji cha Chisomo, wanakijiji waliokataa kuhama walipigwa risasi na polisi, na wanane wakafa. Umeme ukaenda kwenye migodi ya shaba na miji mikubwa, na kwa miongo mingi vijiji vingi vya Watonga vilikaa gizani. Nyani walipata safina. Watonga walipata malori na risasi.

Wako watakaotujibu kwamba mtalii amekuja kupumzika, hakuja kuhudhuria somo la historia. Kwamba utalii huleta fedha za kigeni. Na kwamba bila hifadhi za mkoloni wanyama wangekwisha. Hoja hizo zinastahili jibu.

Hiyo ya kupumzika haina uzito. Mtu huyo huyo akienda Rome au Athens hutaka kuambiwa kila jiwe lilijengwa na nani. Anapofika kwetu, ni nani aliyeamua kwamba akili yake ilale na macho tu ndiyo yafanye kazi?

Hiyo ya fedha ni kweli nusu. Mgeni wa lori hulipa nauli yake kubwa kwao, kabla hajapanda ndege. Lori, hema na chakula hutoka mjini, katika maduka makubwa. Kinachoanguka kijijini ni ada ya kupiga hema, bei ya kinyago iliyopunguzwa kwa ubishi, na bakshishi. Tusiseme kwamba hicho si kitu, maana nyumba nyingi hula kwa hicho. Lakini tusidanganyike pia kwamba makombo ndiyo karamu.

Na hiyo ya wanyama ni uongo mtupu. Hifadhi ya Moremi, ambayo ni johari ya Okavango, ilianzishwa mwaka 1963 na Batawana wenyewe, katika ardhi yao wenyewe, baada ya kuona uwindaji wa ovyo unawamaliza wanyama. Namibia, kwa sheria ya mwaka 1996, iliwapa wanavijiji haki ya kusimamia na kufaidi wanyama wa maeneo yao, na zaidi ya jumuiya 80 zimeundwa, ingawa sheria hiyo haikuwapa milki ya ardhi. Katika Afrika Kusini, Wamakuleke waliofukuzwa kwa nguvu mwaka 1969 ili kupanua mbuga ya Kruger walirudishiwa hati ya ardhi yao mwaka 1998, hekta zaidi ya 20,000. Waliifanya nini? Walikubali ibaki hifadhi, wakakodisha nafasi za hoteli, wakapokea mapato kama wenye mali. Aliyedai kwamba Mwafrika akipewa ardhi atachinja kila mnyama na ajibu hapo.

Liko jambo jingine, nalo latugusa sisi moja kwa moja. Barabara hii ambayo leo ni ya watalii ilikuwa barabara ya wapigania uhuru, ila wao walikwenda kwa miguu na kwa kificho. Pale Kazungula, ambapo Botswana na Zambia hugusana kwa upenyo mwembamba wa mto, pantoni ya zamani ilivusha vijana waliokimbia serikali ya makaburu, wakaelekea Lusaka na Dar es Salaam. Mwezi Januari 1962 Nelson Mandela aliondoka kwao kwa siri, akapita Bechuanaland, akatua Mbeya, kisha akafika Dar es Salaam kuonana na Mwalimu Nyerere. Waliomfuata walipokelewa Kongwa, na baadaye Mazimbu, Morogoro. Botswana ililipa kwa damu: tarehe 14 Juni 1985 majeshi ya makaburu yaliingia Gaborone usiku na kuua watu 12. Leo pale Kazungula pana daraja zuri la mita 923, lililofunguliwa mwezi Mei 2021. Malori hupita juu yake kwa dakika chache, na katika dakika hizo hakuna neno linalosemwa.

Kunyamaza huko kuna gharama. Mwezi Mei 2008 zaidi ya watu 60 waliuawa katika vitongoji vya Afrika Kusini, wengi wao wageni kutoka nchi jirani, nyumba zao zikachomwa moto. Umaskini na ukosefu wa kazi vilikuwa kuni za moto ule. Lakini kijana aliyeshika kiberiti hakuwa amefundishwa kwamba baba wa huyo anayemwita mgeni ndiye aliyemficha na kumlisha mpigania uhuru. Na sisi viongozi na raia wa nchi hizi tumefanya nini kuwakutanisha vijana wetu? Mwaka 2005 jumuiya yetu ya SADC ilitia saini mkataba wa kurahisisha watu kutembeleana. Zaidi ya muongo mzima baadaye mkataba huo ulikuwa bado haujaidhinishwa na nchi za kutosha kuufanya sheria. Lakini mwaka 2014 ilipatikana viza moja ya kumwezesha mtalii kuzunguka Zambia na Zimbabwe bila usumbufu. Kumbe tukitaka, mlango hufunguka. Suala ni nani anayebisha hodi.

Yatupasa basi kudai mambo haya. Kwanza, hakuna mtu apewe leseni ya kuongoza watalii bila kuijua historia ya watu wa mahali, na safari zisimame penye makaburi kama zinavyosimama penye simba, wasimulizi wakiwa wenyeji wenyewe na wakilipwa kwa kazi hiyo. Namibia imeonyesha njia: tarehe 28 Mei 2025 iliadhimisha kwa mara ya kwanza siku ya kitaifa ya kuwakumbuka waliouawa. Pili, pasitolewe kibali cha hoteli katika hifadhi yoyote mpaka wenyeji wa hapo wawe wamepata maji na haki yao ya ardhi. Tatu, sehemu ya nauli ya mgeni ilipwe katika nchi anayopita, na wanavijiji wapewe kipaumbele katika kumiliki viwanja vya mahema. Nne, mkataba wa mwaka 2005 utekelezwe, na wanafunzi wetu wa Mbeya, Livingstone, Francistown na Windhoek wapelekwe katika njia hiyo hiyo, kwa mabasi ya kawaida, wakaone wenyewe.

Wahenga walituahidi kwamba mgeni akija mwenyeji atapona. Mgeni amekuja, amekuja kwa maelfu, mwaka baada ya mwaka. Mwenyeji wa Etosha, wa Kalahari na wa bonde la Zambezi bado anauliza siku yake ya kupona ni lini.