Mwanafunzi akirudi kutoka ng'ambo, apokewe na nani?

Na Zuhura Athmani

Ifikapo Juni, shule za Marekani zikishafunga, ndipo hurejea nyumbani watoto wetu waliokwenda kusoma huko kwa mwaka mmoja. Ni vijana wa kidato cha tatu hivi, waliochaguliwa kwa insha na mahojiano kutoka miongoni mwa wengi walioomba. Siku waliyoondoka tulijaa uwanja wa ndege, tukawaombea dua na kuwapa wosia. Walikuwa wamefunzwa namna ya kuishi na familia ngeni, mavazi ya wakati wa baridi, na nani wa kumpigia simu wakipatwa na shida. Siku wanaporudi tunawapikia pilau. Kesho yake tunataka mambo yawe kama yalivyokuwa kabla hawajaondoka. Leo nazungumza na wazazi na walimu wakuu, kwa sababu naamini hapo ndipo tunapowaangusha.

Huku Pwani ya Kenya wengi wao wamepitia mpango wa Kennedy-Lugar, unaojulikana zaidi kwa kifupisho chake, YES. Ulianzishwa Oktoba 2002, mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 11, na unabeba majina ya maseneta wawili wa vyama vinavyoshindana, Edward Kennedy na Richard Lugar. Nia ilikuwa vijana kutoka nchi zenye Waislamu wengi wakae nyumbani kwa Wamarekani, wale nao meza moja, wasome na watoto wao, kila upande umjue mwenzake bila kusimuliwa. Gharama hulipwa na serikali ya Marekani. Kurudi kumo ndani ya makubaliano tangu siku ya kwanza: viza ya J-1 huwataka wanaofadhiliwa na serikali wakae kwao miaka miwili kabla ya kustahili ukaazi wa kudumu au baadhi ya viza za kazi.

Pamoja na hayo, swali la kwanza analokutana nalo kijana mtaani ni hili: "Mbona hukubaki hukohuko?" Wanaouliza ni watu wazima, na huuliza kwa huruma, kana kwamba mtoto amefiwa. Aliyetimiza ahadi yake anaambiwa amechezea bahati. Akilisikia mara nyingi ataanza kuona aibu kwa jambo la haki alilolitenda. Naomba tuliache swali hilo.

Binti wa dada yangu alisoma mwaka wake katika mji mdogo wa jimbo la Iowa, kwenye mashamba ya mahindi yasiyo na mwisho. Aliporudi nyumbani Kisauni alilia usiku, na kilichomliza ni kumkosa mama aliyekaa naye kule. Dada yangu alivunjika moyo. "Analilia mama gani, na mimi niko hapa?" aliniuliza. Nilimwambia, na wazazi wengine nawaambia vilevile: mama yule alimwamsha mwanao alfajiri ya baridi awahi basi la shule, akaendesha gari hadi mji mwingine kumtafutia nyama ya halali, na Ramadhani akaamka naye kula daku ilhali yeye mwenyewe hafungi. Mtoto asiyemkumbuka mtu kama huyo ndiye wa kutiliwa shaka. Mapenzi yake kwa yule mama hayakumegwa kwenye fungu lako. Mwulize habari za watu wale, majina yao, walikula nini, walicheka nini. Mpigie mama yule simu umshukuru, hata kama Kiingereza chako ni cha kubahatisha. Dada yangu alipiga, wakalia wote wawili, na tangu siku ile mtoto akaanza kusimulia.

Baada ya machozi yakaja maneno. Kule Iowa, baba mwenye nyumba alikuwa akiosha vyombo baada ya chakula cha jioni, na watoto, wa kiume na wa kike, walipeana zamu. Sasa binti akauliza kwa nini kaka yake haoshi hata kikombe alichonywea. Kaka akanuna, bibi akasema mtoto amekuja na Uzungu. Siku nyingine mjomba wake alikuwa akizungumza barazani juu ya wasichana wanaosoma hadi wakachelewa kuolewa. Binti, aliyekuwa akitenga kahawa, akamwambia: "Mjomba, samahani, mimi hapo sikubaliani nawe." Kimya kikaingia. Baadaye mama yake alimkemea hadi nikaona vibaya, nikamtetea.

Nilimtetea kwa sababu nilikuwapo na nilisikia alivyosema. Alianza kwa samahani, hakupaza sauti, na mjomba alipomjibu alisikiliza hadi mwisho. Kule darasani alikuwa akiulizwa kila siku aonavyo yeye, na kushiriki kwake mjadala kulihesabiwa katika maksi. Kwa mwaka mzima alifunzwa kwamba kunyamaza ni kutofanya kazi yako. Hatuwezi kumpeleka mtoto akafunzwe kufikiri kisha tukamkemea akifikiri mbele yetu.

Sisemi kila alichokuja nacho kikubaliwe. Mtoto akianza kupita wakubwa bila shikamoo, au kujifungia chumbani wageni wakiwa ukumbini, akumbushwe siku hiyohiyo, kwa upole na bila kusimangwa safari yake. Lakini rai iliyotolewa kwa heshima ni sehemu ya adabu, na suala la vyombo, kwa maoni yangu, alikuwa na haki nalo kabisa.

Machungu haya ya kurudi yamechunguzwa kwa miaka mingi. Mnamo 1955 Sverre Lysgaard wa Norway aliandika juu ya wenzake waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright: mgeni huanza na furaha, moyo ukashuka, kisha ukapanda tena anapozoea. Mnamo 1963 Wamarekani John na Jeanne Gullahorn wakaongeza nusu ya pili ya safari. Walionyesha kwamba anayerudi kwao hupitia mtelemko mwingine kama ule, na unamwumiza kwa kuwa hakuutarajia; alidhani nyumbani hapahitaji kuzoewa. Wala nyumbani hawakutarajia. Kwa hiyo mzazi akiona mtoto ana huzuni mwezi wa pili baada ya kurudi, asikimbilie kusema amerogwa au anaringa. Anapita njia waliyopita wengi, na itachukua muda.

Lakini pigo kubwa zaidi humngoja shuleni. Kalenda zenyewe hazipatani. Kijana anaondoka Agosti akiwa kidato cha tatu; anarudi Juni na kuwakuta wenzake muhula wa pili wa kidato cha nne, usajili wa mtihani wa taifa, KCSE, umekwisha tangu miezi ya mwanzo ya mwaka. Binti yetu alipoambiwa arudie kidato cha tatu, aliingizwa katikati ya muhula, darasa la watoto asiowajua, na kitanda chake bwenini amepewa mwingine. Alikuja na ripoti ya matokeo yake kutoka Iowa: kemia, hesabu, historia ya Marekani, upigaji picha. Ikatiwa kwenye faili, na sikusikia kwamba mwalimu yeyote aliisoma. Alipoinua mkono darasani wanafunzi walimwita Mmarekani, na mwalimu mmoja akamwambia hapa si kwao. Muhula wa tatu hakuinua mkono tena. Ndipo shule ikatuarifu kwamba sasa ametulia. Mimi naliona hilo kuwa hasara, na bado linaniuma.

Tena kumpokea mtoto shuleni hakuhitaji miujiza. Huko Norway mwanafunzi wa sekondari anaweza kusoma mwaka wake wa pili nchi za nje, na akichukua masomo yaliyokubaliwa, mwaka ule unahesabiwa naye anaendelea na wenzake. Makubaliano hufanywa kabla ya safari. Kwetu kuna mtihani wa taifa na silabasi inayoufuata, kwa hiyo pengine mwaka hauwezi kuhesabiwa wote. Hata hivyo kuna njia ndefu kati ya kuhesabu mwaka mzima na kuutupa mzima.

Wakati wa kulitengeneza hili ni sasa. Gredi ya 10 ya kwanza ya mtaala mpya iliingia shule za upili Januari 2026, na kanuni za ngazi hiyo bado ni laini. Mtaala huo unataka mwanafunzi awasiliane na ashirikiane na wenzake, afikiri kwa makini, ajue wajibu wake wa uraia. Hayo ndiyo anayorudi nayo mtoto aliyekaa mwaka ugenini. Wizara ya Elimu iandike, hata kwa ukurasa mmoja, namna ya kumpokea: nafasi yake ilindwe, ripoti yake isomwe na walimu wa masomo husika, apimwe anachojua kabla ya kuamuliwa akae darasa gani. Shule nayo imtumie. Anaweza kuongoza chama cha mijadala, na kukaa na wanafunzi wapya wiki zile ngumu za kwanza, kwa kuwa upweke wa mgeni anaujua vizuri.

Wazazi ambao watoto wenu wataondoka Agosti, msingoje. Nendeni shuleni Julai, mtoto akiwa pamoja nanyi, na barua mkononi. Na nyinyi walimu wakuu mtakaoletewa barua hizo, zijibuni kwa maandishi: atarudi darasa gani, mwezi gani, usajili wake wa mtihani utafanywa na nani, na mwalimu yupi atamwita ofisini wiki ya kwanza amsikilize.